Washelisheli waliofia Kilwa nao watajwe

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Novemba magazeti yetu hugusia Vita Kuu ya Kwanza ilivyopiganwa huku kwetu, na simulizi huwa zilezile: kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck na ujanja wake, askari wa pande zote mbili, manowari ya Wajerumani Königsberg kwenye delta ya Rufiji. Wapagazi hupewa sentensi moja. Watu wa Shelisheli hawapewi hata hiyo, ilhali msiba wao ulitokea hapa hapa, Kilwa na bara yake.

Wakati ule Shelisheli ilikuwa koloni la Uingereza lenye watu wasiozidi 25,000, wengi wao wakiishi kwa minazi na samaki. Desemba 1916 wanaume karibu 800 walishushwa Kilwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Tukikadiria kwamba katika watu 25,000 wanaume wazima wenye nguvu ni kama 6,000, basi mmoja katika kila saba au wanane alikuwa ameondoka visiwani. Haukupita mwaka nusu, zaidi ya 200 walikuwa wamekufa, na waliobaki wakarudishwa kwao kwa kuwa hawakufaa tena kwa kazi. Kilichowaua ni malaria, kuhara damu na beriberi.

Inafaa wasomaji waelewe jinsi vifo hivi vilivyotokea, kwa sababu karibu kila kimojawapo kingeweza kuzuilika.

Tuanze na malaria. Katika kisiwa cha Mahé na visiwa jirani vyake mbu aina ya anofelesi hayupo. Mtu aliyezaliwa huko hufika utu uzima bila kuugua homa hiyo hata mara moja, kwa hiyo mwili wake hauna kinga ambayo mtu wa Kilwa au wa Rufiji huanza kuijenga tangu utotoni. Watu wa namna hiyo wakateremshwa pwani Desemba, miezi michache kabla ya masika ya 1917 ambayo yalikuwa mazito kupita kiasi, mto Rufiji ukafurika na mabonde yakageuka maziwa. Mwenye kujua malaria asingehitaji kusubiri matokeo. Waliopanga safari ile walijali idadi ya vichwa vya kubebea mizigo.

Na kwa nini vichwa? Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikuwa wakifa kwa mbung'o katika wiki chache, na malori yalikwama kwenye tope. Zilibaki njia za miguu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 50, yaani kilo 23 hivi, mbali na blanketi na vyombo vyake. Posho yake ya unga ilikuwa kama ratili 2 kwa siku. Sasa piga hesabu. Ghala likiwa mwendo wa siku 5 kutoka kwa wapiganaji, mpagazi hutumia siku 10 kwenda na kurudi na kula ratili 20. Kinachomfikia askari ni ratili 30. Njia ikiwa ya siku 10, mpagazi atakula ratili 40 na kufikisha 10 tu. Ikifika siku 12 na nusu, mzigo wote umeliwa njiani. Jeshi likizidi kusonga mbele, linahitaji wapagazi wengi zaidi wa kulisha wapagazi, na panapopungua, anayepunguziwa posho kwanza ni mpagazi. Wakati Washelisheli wanawasili, mapigano yalikuwa yamepamba moto Kibata, kwenye vilima vya Wamatumbi, na kila kilicholiwa au kufyatuliwa kule kilipandishwa kutoka pwani.

Posho yenyewe nayo iliua. Unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wenye makapi, unahitaji kupikwa muda mrefu. Mpagazi anafika kambini jioni amelowa, kuni mbichi, sufuria moja watu wengi, naye ana njaa. Anakula uji haujaiva. Kwa mtu aliyekulia ugali tumbo linaweza kustahimili siku mbili tatu. Kwa mtu aliyezoea wali na samaki halistahimili. Linaanza kuharisha, na kwenye kambi isiyo na vyoo vya maana na yenye maji ya madimbwi, kuhara huko hugeuka kuhara damu. Dawa ya hali hiyo ilijulikana: wapishi maalumu watangulie kambini, wapike kwa masufuria makubwa mpaka chakula kiive, maji yachemshwe. Beriberi nayo hutokana na kula mchele mweupe uliokobolewa bila maharage, nyama wala mboga za kutosha, na waganga wa jeshi walikuwa na habari hiyo, maana uhusiano wa ugonjwa huo na mchele mweupe ulishachunguzwa tangu miaka ya 1890.

Athari zilirudi visiwani pamoja na wagonjwa. Kwa bahati, malaria waliyorudi nayo haikuenea Mahé, kwa kuwa mbu wa kuieneza hayupo. Lakini katika jamii ndogo hivyo, vifo vya watu zaidi ya 200 ndani ya miezi michache hugusa kila parokia. Mnara wa kumbukumbu ya vita uko Mont Fleuri, mjini Victoria, na hapo ndipo watu hukusanyika kila Novemba.

Kwa upande wetu, hesabu za Waingereza wenyewe zinaweka vifo vya wapagazi wao wa Afrika Mashariki kuwa zaidi ya 90,000, na wengi hawana jina popote. Mwaka 2021 ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Januari 2025 mnara wa wapagazi na vibarua weusi wa Afrika Kusini, wenye majina zaidi ya 1,700, ulizinduliwa Cape Town. Kwa hiyo kazi hii inawezekana.

Ninaomba mambo mawili. Wahusika wa mambo ya kale wasimamishe Kilwa ubao wa maelezo kwa Kiswahili na Krioli ya Shelisheli, ueleze mwaka, idadi ya waliofika, walikobeba mizigo na kilichowaua. Na gazeti lako, litakapochapisha tena takwimu za waliokufa katika vita ile, litangulize wapagazi, kwa kuwa ndio waliokufa wengi.

Msomaji wako,
Lindi