Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: ukuta wa darasa la tatu

Kamwene wandugu, za masiku. Mwaka jana mlilalamika nimeandika gazeti, leo ntajitahidi, ila ukuta wa darasa la tatu lazima niuelezee vizuri maana ndo umekula mwaka wetu mzima.

Mnakumbuka lile jengo la mbele la shule, la mkoloni, lenye hilo darasa, la tofali za kuchoma na baraza ya matao, tulilipiga plasta ya saruji tukapaka rangi tukapiga na mapicha. Mvua zilivoanza Desemba plasta ikavimba kama chapati, mwezi wa tatu likadondoka pande zima usiku, tushukuru haikua saa za vipindi. Fundi simlaumu, saruji tuliitaka wenyewe.

Kumbe kuta za zamani zile hazina nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, maji yanapanda toka ardhini na chokaa inayaachia yatoke taratibu, ukiziba na saruji yanabaki ndani yanatafuta pa kutokea, yakikauka yanaacha chumvi na hiyo chumvi ndo inasukuma plasta. Ule unga mweupe mliokua mnauliza ndo wenyewe, mzee mmoja wa kamati aliulamba mbele yetu akasema hii ya kuungia mboga kabisa 😂

Basi tumebandua yote kwa patasi, mdogomdogo, maana ukigonga kwa hasira tofali linatoka na saruji yake. Sasa hivi tunapiga chokaa iliyozimwa kwa maji kwenye pipa ikakaa wiki kadhaa, koti (tabaka) nyembamba nyembamba, na kila koti unainyunyizia maji isikauke ghafla ikapasuka. Kazi ya kuchosha. Na baridi ya mwezi wa sita mnaijua, ukuta ulikaa umelowa kama unatutania.

Kuna wanaouliza mbona serikali hailindi jengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, sasa huu mji wenyewe wa Iringa Mjerumani kaanza kuujenga baada ya kuivunja Kalenga, ngome ya Mkwawa, Oktoba 1894, tutaingilia wapi? Letu mpaka waziri alitangaze. Barua tunaandika, ila tunahitaji picha za zamani, hata ya kipaimara au harusi, mradi baraza inaonekana kwa nyuma, ntaskani nikurudishie.

Mambo ya hela atawasomea mweka hazina.