Mbona mnaniuliza namba ya siri?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize wenye mabenki swali moja. Mteja anapopiga simu kulalamika kwamba kadi yake imekatwa fedha kwa manunuzi ya mtandaoni asiyoyafanya, kwa nini jambo la kwanza ni "namba yako ya siri ulimpa nani?"

Mimi niliulizwa hivyo mara nne siku moja na watu wanne tofauti, wa mwisho akiwa kijana mpole aliyeniita "mzee wangu" huku akinituhumu. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kuanzia saa nane hadi saa nane na dakika kumi na moja, miamala mitatu ilipita kwenye kadi yangu. Nilikuwa nimelala. Kadi ilikuwa ndani ya kifuko cha miwani, ninamoiweka tangu nistaafu. Hakuna namba ya siri iliyobonyezwa popote, na hilo benki wanaliona kwenye kompyuta zao kabla hata sijamaliza salamu.

Nimefundisha hesabu miaka 33, kwa hiyo niruhusuni nisimame ubaoni kidogo. Kadi nyingi zina tarakimu 16. Sita au nane za mwanzo hutambulisha benki, wala si siri. Ya mwisho ni ya uhakiki, na hupatikana kwa kanuni ambayo Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM alipewa hataza yake (hati ya umiliki wa uvumbuzi) Marekani mwaka 1960: unaanzia kulia, tarakimu moja unaiacha ilivyo, inayofuata unaizidisha kwa 2, ikizidi 9 unaitoa 9, na jumla ya zote lazima igawanyike kwa 10. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Zile tatu za nyuma ya kadi ni kuanzia 000 hadi 999, yaani 1,000 tu. Tarehe ya kadi kuisha, ikiwa ni kadi ya miaka mitano, ni miezi 60. Zidisha, kwa namba moja ya kadi unapata michanganyiko 60,000 ya kujaribu. Kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Kwa kompyuta si kazi, ikiwa benki haishtuki kuona majaribio yakikataliwa mfululizo. Mwizi wa namna hiyo hana haja ya kuniuliza chochote.

Akishapatia, hakombi papo hapo. Hukata kwanza kiasi kidogo mno, aone kama kadi ni hai. Kwangu alifanya hivyo siku sita kabla. Simu haikulia, kwa sababu benki yangu imeweka kiwango, na makato yakiwa chini yake haitumi ujumbe. Nilikikuta baadaye kwenye taarifa ya akaunti, mbele ya jina la kampuni lisilotamkika, nikadhani ni makato yao ya kawaida, maana yako mengi. (Ndiyo, mwalimu wa hesabu hakuhesabu. Mke wangu ameshanicheka, msijisumbue.)

Ninachoomba ni ujumbe kwa kila makato, hata yawe ya senti. Na mteja aweze kuzima mwenyewe manunuzi ya mtandaoni siku ambazo hanunui kitu. Nilipouliza kuhusu hilo niliambiwa nifike tawini na nakala mbili za kitambulisho.

Kuna na hili la kuzungushwa. Kwanza niliambiwa muamala bado haujakamilika, nisubiri. Ulipokamilika, nikaambiwa nimtafute muuzaji. Muuzaji yupi, wakati sijanunua? Mitandao ya kadi kama Visa na Mastercard ina utaratibu wake wa kupinga muamala: benki ya mteja ndiyo inayoidai benki ya muuzaji, na utaratibu huo una ukomo wa siku. Kila "rudi wiki ijayo" inazila siku zangu, si zao. Fomu yenyewe nilipewa baada ya kukaa kwenye kiti cha meneja wa tawi nikakataa kuondoka.

Fedha za ile miamala mitatu zilirudi siku ya 41, bila barua wala samahani. Kile kiasi kidogo cha kwanza hakijarudi. Nimejibiwa kwamba sikukiandika kwenye fomu, na kwamba kwa kiasi kama hicho hawafungui lalamiko.

Mwalimu mstaafu wa hesabu