Somo, pigana kwa kilo ulizo nazo

Kibirizi, Kigoma
Jumatano jioni

Somo yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, mama anakusalimu sana na anauliza kama lile paja limepona. Mbalamwezi imetanda ziwani, na dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa hiyo mitumbwi imevutwa nchi kavu toka juzi, vichanja vyangu vya kuanikia dagaa vitupu, ndipo nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Ujumbe wako wa sauti ungenifikia siku za giza, ningekujibu maneno mawili kwa simu nikarudi kugeuza dagaa. Na kwa jambo hili maneno mawili hayatoshi.

Nimeusikiliza mara tatu. Unasema una kilo 59, mashindano ya karate yamebaki siku tisa, na unataka kuingia uzani wa chini ya 55 kwa kuwa huko wasichana ni wepesi utawamudu. Ugali umeshauacha. Mchana unakimbia na nailoni ndani ya jaketi, na siku mbili za mwisho umepanga usinywe maji kabisa. Somo, nakuomba uache. Kabla hujaendelea kusoma, weka barua chini, nenda mtungini ukanywe maji, halafu rudi.

Yaliyonipata mimi sikuwahi kukusimulia vizuri. Nilikwambia tu kwamba nilipigwa, nawe kwa heshima hukuuliza zaidi. Nilikuwa na kilo 58, na aliyekuwa akitusimamia akanihakikishia kwamba 55 ni nafasi yangu. Wiki nne nilikula mlo mmoja kwa siku. Siku tatu za mwisho nilifanya mazoezi nikiwa nimejizungushia nailoni ya godoro ndani ya gi, vazi letu la karate, na tangu mchana wa kuamkia mashindano sikumeza hata funda la maji; nilikuwa nafyonza barafu na kuitema. Asubuhi mizani ikasoma 54.8, watu wakanipigia makofi. Nikala chipsi mayai, nikashushia soda mbili za baridi, nikajiona nimeshamaliza kazi.

Nilipoitwa ulingoni ulimi ulikuwa umegandana na kaakaa. Nilimwona mwenzangu akinyanyua goti. Nilijua ni mawashi-geri, teke la kuzungusha, nilijua inakuja usawa wa sikio la kushoto, nilijua mkono upi unyanyuke kuikinga. Mkono haukunyanyuka. Nilianguka kwenye mkeka na misuli ya miguu yote miwili ikakaza kama kamba mbichi, nikawa nalia mbele za watu, na soda zote zikarudi. Niliwekewa dripu mbili. Baada ya hapo nilikaa miezi mitatu bila kuona siku zangu, na nilikuwa na miaka 22 tu. Hilo la mwisho sikumwambia mtu yeyote, hata mama. Wewe ndiye wa kwanza.

Baadaye ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza wanaojua, nikaelewa nilichojifanyia. Kilo zinazotoka kwa nailoni na kiu si mafuta, Somo, ni maji, na damu yako kwa sehemu kubwa ni maji. Ukiyatoa, damu inapungua na kuwa nzito, moyo unalazimika kukimbia ili kuisukuma, jasho la kupoza mwili linakwisha na joto linabaki ndani. Mwanamichezo akipungukiwa maji kwa asilimia 2 tu ya uzito wake, nguvu na wepesi wa kufikiri vinaanza kushuka. Kwako wewe asilimia 2 ni kilo moja na kidogo. Unataka kutoa nne.

Na wapo waliofika mbali zaidi ya pale nilipofika mimi. Mwaka 1997 kule Marekani, vijana watatu wa mieleka wa vyuo vikuu walikufa ndani ya muda usiofika wiki tano, wote wakijikausha ili wafikie uzani: nguo za mpira, vyumba vya joto, mazoezi makali bila maji. Walikuwa vijana wenye afya kamili na makocha karibu yao. Baada ya vifo vile nguo za mpira na vyumba vya joto vilipigwa marufuku kwenye mieleka ya vyuo vyao. Miaka 18 baadaye, Desemba 2015, mpiganaji wa China, Yang Jian Bing, alifariki Manila akiwa katika kushusha uzito, pambano lenyewe hata halijafika. Kampuni iliyoandaa pambano lake ikabadilisha kanuni zake, ikaanza kupima kama mpiganaji ana maji ya kutosha mwilini. Nakuandikia haya ili uone kwamba unachokifanya kwenye barabara za Tabora saa nane mchana si ujasiri mpya. Kimeshajaribiwa, na majibu yake yapo.

Najua utanijibu nini. Utasema mbona Ramadhani tunafunga na tunafanya mazoezi na hatufi. Kweli, tunafunga. Lakini tunakula daku, tunafuturu, usiku kucha maji yapo, na hapa sisi mazoezi makali tunayapeleka baada ya tarawehe, alasiri tunabaki na kata za taratibu tu, ile mipangilio ya mapigo ya kucheza peke yako. Na mgonjwa ana ruhusa ya kula. Funga haikukuamuru uvae nailoni ukimbie juani. Usiifananishe ibada na kujikausha.

Sasa, mpeleka barua hii ni binamu yangu anayepanda treni kesho. Ana mfuko wako: dagaa kilo mbili waliokaushwa kwenye kichanja, si wa mchangani, na chupa moja ya mawese. Naomba uanze kuwala siku hiyohiyo, na nikueleze namna, kwa sababu nyie wa Tabora mnawatesa.

Waoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu, usiwaloweke mpaka walainike. Vichwa usivitoe. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake ndiyo kalsiamu ya mifupa yako, nasi tunaopigana mikono na miundi tunaihitaji. Kausha kidogo kwenye kikaango bila mafuta mpaka usikie wanakwaruzana kama majani makavu, waweke pembeni. Mimina mawese vijiko viwili, moto mdogo. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: wanayaacha mawese yachemke hadi yatoe moshi na wekundu wote ukatike, wanasema ndiyo yameiva. Wekundu ule ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A. Ukiuunguza umebaki na mafuta matupu. Yakishapata moto tu, tia kitunguu, kikianza kulainika tia nyanya, zikishika mchuzi rudisha dagaa, dakika tano, zima. Ndimu kamulia wakiwa sahanini. Ndimu si ya ladha peke yake, inasaidia mwili kupokea madini ya chuma, na sisi wanawake chuma tunaipoteza kila mwezi. Kwa sababu hiyohiyo chai ya rangi usinywe pamoja na chakula, maana inazuia chuma isiingie. Subiri saa nzima.

Nilipiga hesabu yako jana usiku. Mtu anayefanya mazoezi kama yako anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kwa kilo 59 ni kama gramu 94. Inatisha ukiitaja hivyo, lakini iangalie jikoni. Dagaa wakavu gramu 50, ambao ni konzi kubwa moja tu, wanakupa kama 30. Bakuli la maharage 17. Mayai mawili 12. Konzi ya karanga, na karanga ndizo zenu huko, 8. Glasi ya maziwa 8. Ugali wa mahindi sahani yako ya kawaida unaongeza kama 16. Umefika 91, na hujagusa nyama wala kopo lolote la dukani. Angalizo moja kwa ajili yangu zaidi kuliko wewe: ugali wa muhogo tunaoupenda huku hauna protini ya maana, ni nguvu tu, kwa hiyo anayekula wa muhogo lazima mboga yake iwe nzito.

Kuhusu lile kopo la unga wa protini ulilotaka tuchangiane kununua: mimi sichangii. Fedha ile tutakula dagaa na mayai mwezi mzima na zaidi. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, toka katikati ya Mei, dagaa walipotea hapa na mimi nilikosa kazi na mboga kwa pamoja. Dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, haikufa. Tulikula maharage na karanga, wenye kuku wakaleta mayai, na Agosti ziwa lilipofunguliwa hakuna aliyekuwa amepungua ngumi. Kama tuliweza bila dagaa, tutaweza bila kopo.

Ugali urudishe, Somo. Huo ndio uliouacha kwanza na ndio unaokupa nguvu mazoezini. Wanga ndio unaowekwa kwenye misuli kwa ajili ya kazi ya ghafla, na kumite, kupigana na mpinzani, yote ni kazi ya ghafla. Ukiukosa, mwili unaanza kula misuli yenyewe. Kula mlo mzito saa tatu kabla ya mazoezi, na ikibaki saa moja kula kidogo tu: matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vipande vitatu na chai vinatosha sana, na mnavyo huko, sisi tunavitafuta. Baada ya mazoezi usilale na njaa kwa kisingizio cha usiku. Panda mizani kabla na baada, kila kilo iliyopungua irudishie lita moja na nusu ya maji, polepole, si kwa mkupuo. Kama umetoka jasho jingi, lita moja ya maji tia vijiko viwili vya asali yenu, chumvi ya kubana kwa vidole na ndimu. Mimi hiyo ndiyo naiweka kwenye chupa yangu siku hizi.

Hili la kula kabla ya mazoezi nimelishikia bango kwa sababu ya watoto. Jumatatu kuna binti wa miaka 11 alianguka katikati ya kihon, mazoezi ya msingi. Nikamuuliza amekula nini, akasema uji asubuhi. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Tulikuwa tukimkaripia wiki nzima kwamba hana bidii, miguu inalegea kwenye zenkutsu-dachi, ule msimamo wa goti la mbele kukunjwa. Nilijisikia vibaya kiasi cha kushindwa kulala. Sasa tumekubaliana na wazazi, kila mmoja anatoa alichonacho, sufuria la uji wa karanga linakuwepo saa kumi, dojo inaanza saa kumi na moja na nusu. Ukiwaona sasa wanavyopiga kelele ya kiai! Fanya na wewe kwako. Wasichana wako wanakutazama, na wakikuona umejifunga nailoni nao watajifunga.

Basi turudi kwenye siku tisa zako, ambazo barua hii ikikufikia zitakuwa saba. Ukiwa na kilo 59 wewe tayari ni wa uzani wa chini ya 61. Jiandikishe huko. Atakayekuzidi sana atakuzidi kilo mbili, na hilo si kitu kwa mtu mwenye gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, kama yako. Mazoezi makali yakomee siku tatu kabla, zilizobaki cheza kwa wepesi tu na ulale kwa muda wa saa nane kamili kila usiku. Siku yenyewe kunywa chai ya maziwa, kula chapati mbili na yai, yawe yamekaa tumboni saa tatu kabla ya kuitwa. Usijaribu chakula kigeni siku hiyo.

Kama bado moyo wako uko kwenye 55, tutaufikiria mwakani, kwa nusu kilo kwa wiki, wiki nane na zaidi, ukila kila siku na siku zako zikija kama kawaida. Zikisita hata mwezi mmoja, tunaacha. Na tukigundua 55 si mwili wako, tunaacha pia, na sitaki ulie.

Aliyekupa ushauri wa nailoni akikubana, mwambie umekatazwa na somo yako wa Kigoma, anipigie mimi. Nitamsimulia ule mkono ambao haukunyanyuka.

Chupa ya mawese usiitupe, nirudishie na asali. Asubuhi ya mashindano ukishuka kwenye mizani nitumie namba tu, hata bila salamu. Nitakuwa ufukweni, siku hizo giza litakuwa limerudi na dagaa watakuwa wanashushwa, lakini simu nitaiweka kwenye kitenge nisikie ikitikisika. Nataka nione 59.

Mama amesema usisahau kuchua lile paja.

Wako,
Somo