Mdogo wangu, ile karatasi haikumaliza kesi

Mdogo wangu wa Arua,

Siku ya Idi uliitoa karatasi ya maabara mfukoni ukaitandaza mkekani mbele ya wazee: mbegu za kiume nyingi, wewe mzima. Shemeji alikuwa akipakua pilau, hakusema neno. Mwaka wa 5 huu hamjapata mtoto, naye anazungushwa kwa waganga, na mashangazi wameanza kumtajia mke mwenza. Jina lako silitaji, lakini barua naiacha wazi kwa sababu wenye karatasi kama yako ni wengi.

Karatasi ile imehesabu tu.

Unaikumbuka mechi ya shule, ulipopigwa teke ukapakiwa kwenye boda? Korodani moja ilikuwa imejisokota. Ajali ya namna hiyo hutaka upasuaji ndani ya saa 6 hivi. Wewe ulifika usiku. Mama alitukataza kulisema, nasi tukanyamaza hadi leo.

Mbegu huanza kutengenezwa kijana anapobalehe, wakati kinga ya mwili imeshajifunza zamani nani wa nyumbani na nani mgeni. Kwa kinga, mbegu ni wageni. Ndiyo maana ndani ya korodani kuna ukuta wa seli unaozitenga na damu. Ukuta huo ukibomoka kwa kuumia, kwa upasuaji au kwa maambukizi, kinga inaweza kuziona na kuunda kingamwili za kuzishambulia. Wanaume waliofungwa uzazi, zaidi ya nusu yao hukutwa nazo. Mbegu zenye kingamwili hushikamana, kichwa kwa kichwa, mkia kwa mkia, au hutetemeka palepale kwenye ute wa mlango wa kizazi. Nyingine hulifikia yai zikashindwa kuingia. Ukizihesabu ni tele, kama taksi za Kampala saa 12 jioni: zimejaa barabara nzima na hakuna inayosogea.

Sisemi ndicho ulicho nacho. Nasema hujapimwa. Kipimo cha kutafuta kingamwili hizo kwenye mbegu kinaitwa MAR, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 uliweka mpaka pale asilimia 50 ya mbegu zinazotembea zinapokutwa nazo. Hata hivyo wapo wenye kingamwili na wamezaa, kwa hiyo majibu ayasome daktari, si wazee wa mkekani. Kaa bila tendo la ndoa siku 2 hadi 7, na sampuli ifike maabara ndani ya saa 1 ikiwa na joto la mwili. Usije ukaituma kwa basi!

Dukani watakuuzia prednisoloni, dawa ya kupunguza nguvu za kinga. Kataa. Dawa za jamii hiyo zilijaribiwa kwa tatizo hili, na madhara yake hufika hadi kuua mfupa wa nyonga. Kinachosaidia zaidi ni kuingiza mbegu moja ndani ya yai kwa sindano, njia iliyofanikiwa Brussels mwaka 1992. Uganda yenyewe ilipata mtoto wake wa kwanza wa kutungwa maabara mwaka 2004. Gharama ni kubwa, sikufichi, ndiyo maana upime kabla hujauza ng'ombe hata mmoja.

Basi la usiku hufika Kampala alfajiri. Nitawangojea stendi, wewe na shemeji. Pitia kwa Mama kwanza, umwombe zile karatasi za operesheni. Nadhani bado ziko kwenye sanduku lake la bati, chini ya vitenge.

Kaka yako