Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: wa viti mwendo tupange wapi?

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, shikamoo.

Mimi ni fundi simu, natumia kiti mwendo tangu nipate ajali ya bodaboda, na mwaka huu nimetafuta chumba hapa Dar miezi mitatu mizima, Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi. Dalali anachukua elfu 20 ya kuzungushwa kabla hajakuonyesha kitu. Namwambia kwenye simu kabisa, kaka mimi niko kwenye kiti, nataka nyumba isiyo na ngazi, ananijibu ipo safi bosi wangu, basi nakodi bajaji na dogo wa kunibebea kiti, kufika nakuta ngazi tano za tailizi zinateleza hizo, na yeye anasema si tutakubeba tu. Kila siku? Na elfu 20 hairudi.

Nyumba ya tatu ilikuwa tambarare kweli, nikafurahi, kumbe mlango wa choo haupitishi kiti. Kiti changu kina upana wa sentimita 65, bado mikono inayosukuma, na milango ya vyoo mafundi wetu wanaipima kwa mtu anayeingia kwa ubavu.

Mama mwenye nyumba mmoja hakunificha, akasema mwanangu sikuchukii, ila moto ukitokea usiku nani atakutoa, alafu kodi ya miezi sita utaitoa wapi. Nilikuwa nayo mfukoni.

Mheshimiwa, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 tunayo, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliridhia 2009. Ila habari ya kuingia bila vikwazo inaongelea zaidi majengo yanayotumiwa na umma. Sasa nyumba ya vyumba kumi na geti moja ni ya umma au ya mtu binafsi? Kila ninayemuuliza ananijibu ya mtu binafsi, basi yameisha. Ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilishafutwa 2005, wengi wetu tunaongozwa na karatasi ya mkataba ya kununua stesheneri, na humo hakuna mstari unaosema mpangaji akitaka kutoboa ukuta aweke chuma cha kushikia chooni nani anaruhusu, na nani anaziba akihama.

Siwalaumu wenye nyumba wote, wengi wanadhani rampu ni mamilioni. Kizingiti cha sentimita 15 kwa kile kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za urefu, kinataka mteremko wa mita 1.8, hiyo ni mifuko michache ya simenti na kokoto. Na ukiwaza mapema wakati tofali hazijapangwa, mlango wa sentimita 90 unapunguza tofali, unaongeza mbao kidogo tu.

Afu kuna ulemavu wa upande wa pili, wa wenye nyumba wenyewe, ambao hatuuongelei. Jirani yetu mmoja mzee haoni, ana nyumba na fremu mbili, kodi inaingia kwenye simu na meseji anasomewa na mtu mwingine, kiasi anachotajiwa ndo hicho hicho anachoamini. Alivyotaka kuuza akaambiwa aje na mtoto wake amsomee mkataba, na mtoto mwenyewe ndo aliyekuwa anataka nyumba iuzwe haraka. Dole gumba likawekwa. Hakuna mtu asiye na maslahi aliyemsomea kwa sauti hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo naomba mambo machache tu: kibali cha kujenga nyumba ya kupangisha kiulize upana wa mlango na njia ya kuingilia angalau chumba kimoja cha chini, mkataba wa pango uwe na kipengele cha marekebisho, na muuzaji asiyeona au asiyesikia apewe msomaji au mkalimani aliyemchagua mwenyewe, asiwe ndugu anayegawiwa hela. Dalali naye ajibu ukweli kuhusu ngazi kabla ya kupokea elfu 20, hili ukiliweza nitakuja kukupigia makofi mwenyewe.

Mimi nimeshapata, Kinyerezi, mwenye nyumba kaniruhusu nimwage zege mlangoni kwa hela yangu. Mkataba unaisha mwezi wa tatu na ameshaanza kusema kodi itapanda kwa sababu nyumba sasa ina rampu.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa chumba na sebule, Kinyerezi