Asante kijana wa bodaboda, Morogoro 2015

Nimechelewa miaka mingi ila lazima niseme. Babu yetu alipigana vita vya Kagera, alikuwepo Kyaka na akaenda na jeshi mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979, kadi yake ya TANU aliitunza sandukuni kama cheti cha ndoa, kwahiyo nyumba nzima tulijua ni CCM damu. Alafu 2015 Lowassa kahamia Chadema, babu akatutangazia mezani kwamba mwaka huu kura yake inaenda huko. Wajomba waliwaka! Akawajibu tu, "Mimi sikupigania chama, nilipigania mipaka ya nchi," akaendelea kula ugali wake.

Basi Jumapili ile ya 25 Oktoba hakuna aliyetaka kumpeleka kituoni, kila mtu ana udhuru, na mimi nilikua Dar sina la kufanya, mzee kachukua fimbo katoka peke yake na magoti yale.

Wewe ndo ukamkuta barabarani Kihonda. Babu alinisimulia kila kitu, kwamba ulimwambia wazi wewe ni wa Magufuli na bado ukampakia, ukaendesha taratibu, ukamuombea watu wampishe foleni, ukamsubiri ukamrudisha mpaka mlangoni na hela ukakataa. Hakuuliza jina lako, hilo lilimuuma sana.

Babu ametangulia mwaka jana. Mpaka mwisho alikua anakuita "yule askari wangu". Asante sana kaka, Mungu akutunze huko barabarani.