Umeshusha public_html yote, makala ziko wapi?

Sisi ni kampuni ya hostingi: tunakodisha nafasi kwenye seva, yaani kompyuta zinazohifadhi blogu na kuzituma kwa wasomaji. Mteja anatuletea flashi. Ndani yake kuna folda moja, public_html, yenye mafaili ya blogu; ameishusha yote kutoka kwenye akaunti ya zamani siku chache kabla haijafungwa. "Blogu yangu yote imo humu," anasema, "naomba mnihamishie kwenu." Tunaifungua. Picha zipo, mwonekano upo, plagini (programu za nyongeza) zipo. Makala haipo hata moja. Kama akaunti ya kule bado iko hai, tunapumua. Kama imeshafutwa na hakuna nakala nyingine, hatuna la kumfanyia.

Wengi wanaoanza blogu hudhani kila makala ni faili lake, kama hati ya Word kwenye kompyuta. Kwa WordPress, programu ya kuendeshea blogu ambayo ndiyo wateja wetu wengi wanaitumia, sivyo. Picha na programu ni mafaili, lakini maneno yako yanakaa kwenye kanzidata (database), ghala la taarifa zilizopangwa kwenye majedwali, na kanzidata haimo ndani ya public_html. Ukilishika hilo, mengine yote kuhusu hostingi yanaeleweka kirahisi.

Tumfuate msomaji mmoja. Yuko Morogoro, anafungua kwa simu makala yako ya pweza wa nazi. Kwanza simu inauliza domeni yako inaelekea seva gani. Domeni ni jina tu. Ukilinunua hujapata mahali pa kuweka kitu, ndiyo maana unailipia peke yake, na kila mwaka. Majina yanayoishia na .tz unayasajili kupitia mawakala walioidhinishwa. Seva ikishapatikana, WordPress inasoma faili linaloitwa wp-config.php, inachukua humo jina la kanzidata na nywila yake, kisha inakwenda kuomba makala yenye anwani ile. Ikipewa, inayavisha maneno mwonekano uliouchagua, inaongeza menyu na picha, inatuma. Ukurasa anaousoma yule wa Morogoro mara nyingi haukuwepo popote sekunde moja kabla. Umeandaliwa alipouomba.

Kanzidata yenyewe huendeshwa na programu iitwayo MySQL au MariaDB. Usibabaike ukiona kampuni moja imeandika hili na nyingine lile. MariaDB ilitokana na MySQL mwaka 2009, tena kwa mkono wa Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL yenyewe, na WordPress inafanya kazi na zote mbili.

Unaweza kuiona kwa macho yako. Ingia cPanel, ukurasa wa kuendeshea akaunti yako ya hostingi, bofya phpMyAdmin, chombo cha kutazama kanzidata, chagua kanzidata yako upande wa kushoto. WordPress mpya isiyo na plagini za ziada ina majedwali 12. Fungua lile la wp_posts. Kila mstari una namba yake, tarehe, kichwa cha habari, na safu ya post_content ambamo pweza wako yumo mzima, kuanzia kumsafisha hadi tui zito. Safu ya post_status itasema publish kwa makala iliyokwisha kutoka na draft kwa ile unayoivizia. Utashangaa kuona mistari mingi kuliko makala ulizoandika. Mingi ya hiyo ni nakala za masahihisho: kila unapohifadhi mabadiliko, WordPress hubakiza toleo la zamani, na usipoiwekea kikomo haiachi. Angalia tu, usiguse. Ukifuta mstari hapa, hakuna kapu la taka la kuurudisha.

Sasa lile tatizo tunalopigiwa simu kuliko yote. Unafungua blogu asubuhi, unakuta ukurasa mweupe wenye sentensi moja: "Error establishing a database connection." Watu huishiwa nguvu hapo. Maana yake ni kwamba WordPress imeamka, imekwenda kuiomba kanzidata, haikupokelewa. Mara nyingi makala ziko salama kabisa, njia tu ndiyo imefungwa.

Jiulize kwanza: kuna mtu amegusa kitu? Kama jana ulibadilisha nywila ya kanzidata kwenye cPanel, au blogu imetoka kuhamishwa, fungua wp-config.php utazame mistari minne: DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD na DB_HOST. Herufi moja ikipotea, au nafasi ikijipenyeza mwishoni mwa nywila, inatosha kuizima blogu. Huo wa mwisho kwa kawaida huandikwa localhost, yaani kanzidata iko kwenye seva hiyohiyo, lakini zipo kampuni zinazotaka anwani tofauti, kwa hiyo usiunakili kutoka kwa jirani. Kama hakuna aliyegusa kitu, na ujumbe unakuja na kuondoka wenyewe, hasa saa ambazo wasomaji ni wengi, basi usihangaike na mistari hiyo. Kanzidata imezidiwa, au diski imejaa. Piga simu kwa wenye seva.

Usichofanya ni kumwita fundi wa "kuipiga upya". Kuipiga upya kunaleta WordPress mpya yenye majedwali matupu, na vile vitufe vya kuiondoa kwa mbofyo mmoja kwa kawaida hufuta pamoja na kanzidata. Kosa la nywila la dakika tano linageuka msiba.

Kuhusu kuzidiwa: hostingi ya bei nafuu ni ya pamoja. Mko blogu nyingi kwenye seva moja, kama wapangaji wa nyumba moja wenye LUKU moja. Mmoja akiwasha pasi, jiko na friji kwa pamoja, wote mnalijua. Kwa anayeanza hilo si baya, na hatumshauri mtu akodi seva yake peke yake kabla hajapata wasomaji. Ila matangazo ya "bila kikomo" yasome kwa jicho kali. Kikomo kipo, kimeandikwa kwenye masharti: idadi ya mafaili, kumbukumbu, muda wa kichakataji.

Nafasi ya diski ndiyo inayouzwa kwa mbwembwe, na ndiyo wanaoanza huihitaji kidogo. Makala ya maneno 1,000 ni kama kilobaiti 7. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 inakula nafasi ya makala zaidi ya 400, na WordPress hutengeneza saizi kadhaa za kila picha unayopandisha. Punguza picha kabla ya kuipandisha, gigabaiti chache zitakutosha kwa muda mrefu. Badala ya kuuliza wanakupa gigabaiti ngapi, uliza nani anapokea simu Jumapili, na bakapu (nakala ya akiba) inachukuliwa mara ngapi na kuwekwa wapi.

Hilo la "wapi" si la kupuuza. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la seva la kampuni ya OVH liliteketea kwa moto huko Strasbourg, Ufaransa. Waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi hewani. Baadhi ya wateja nakala zao zilikuwa hapohapo, zikaungua pamoja na seva. Kampuni kubwa, na bado.

Kwa hiyo chukua bakapu yako mwenyewe. Kwenye phpMyAdmin, ukiwa ndani ya kanzidata yako, bofya Export, uache chaguo la haraka, utapata faili linaloishia na .sql. Liwekee tarehe kwenye jina. Kisha lifungue kwa Notepad na utafute sentensi moja ya makala yako ya karibuni. Ukiyaona maneno yako, una bakapu. Usipoyaona, una faili tu. Anayeandika kila siku afanye hivi kila siku, au aweke plagini imfanyie. Anayeandika mara moja kwa mwezi, mara moja kwa mwezi inamtosha. Faili hilo usiliache kwenye seva ileile, wala usilitume kwenye grupu la WhatsApp, maana lina barua pepe za wote waliokuachia maoni.

Ukitaka tukuhamishe, basi, tuletee vitu viwili: public_html na lile faili la .sql. Hakikisha pia domeni imesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako, si ya kijana aliyekutengenezea blogu. Mistari ya wp-config.php tutaibadilisha sisi, kwa sababu cPanel hutanguliza jina la akaunti kwenye jina la kanzidata, na jina hilo huku kwetu litakuwa jingine. Akaunti ya zamani iache wazi mpaka ufungue blogu kwenye seva mpya, uisome makala ya kwanza na ya mwisho, na picha zake zionekane.